Mteja Wako Katokea Wapi? Acha Kukisia, Andika

Leo tuongelee kujua mteja katokea wapi. Mimi kukisia kumeshanigombanisha na mtu, ndiyo maana naliongelea.

Nauza mashuka na mapazia Mbagala. Kuna fundi anayefunga bomba za mapazia majumbani, akimaliza kazi anawaelekeza watu kwangu, na mimi namtoa elfu tano kwa kila anayenunua. Mwaka jana nikaanza kulipia matangazo Instagram. Simu ikawa haipumziki: "bei gani?", "mpo wapi?" Dukani nikimuuliza mteja katujuaje, ananiambia "nimewaona Instagram". Nikajiona nimefika. Nikamwambia fundi siku hizi wateja wanakuja wenyewe, ile elfu tano basi. Akanyamaza, akaenda zake. Mwezi uliofuata meseji zinaingia vilevile, ila mapazia yamelala dukani.

Mama mmoja ndiye aliyenifumbua macho. Na yeye alisema katuona Instagram, halafu katikati ya maongezi akasema, "Si yule fundi wako ndiye aliyenionyesha ukurasa wenu?" Nikaishiwa maneno. Mteja anakutajia mahali alipokuona mara ya mwisho, aliyemleta keshamsahau. Siku hizi naongeza swali: "Kabla hujatuona huko, kuna mtu alikutajia?"

Nikamfuata fundi, nikamwomba radhi, elfu tano yake ikarudi. Halafu nikanunua kauntabuku.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kutenganisha njia na tangazo. Njia ni pale mteja anapopitia: Instagram, statasi ya WhatsApp, fundi, mtu anayepita barabarani. Tangazo ni kile ulichokirusha kwenye hiyo njia, mfano ofa ya mashuka ya Idi. Mwanzoni nilikuwa naandika vyote safu moja, leo "Instagram", kesho "ofa ya Idi", na huenda ni watu wa tangazo lilelile. Weka safu mbili.

Pili, majina yawe yaleyale. Mimi niliandika IG, mdogo wangu akikaa dukani anaandika "insta". Mwisho wa mwezi ukihesabu unaona njia mbili, kumbe ni moja. Andika orodha ya majina ndani ya jalada la daftari, na asiyeona jina linalofaa akuulize kwanza. Wateja wa zamani nao wape jina lao, la sivyo utalisifia tangazo kwa mtu aliyerudi mwenyewe.

Tatu, na hapa ndipo penye kazi, kila tangazo lipe neno lake. Tangazo la mashuka naandika "tuma neno MAUA", la mapazia "tuma neno PAZIA". Unaweza pia kutengeneza linki inayomfungulia mteja WhatsApp neno likiwa limeshaandikwa. Inakuwa hivi: wa.me/ kisha namba yako ikianzia na 255, bila sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha, halafu ?text=MAUA. Vyote viandikwe kwa kuungana. Tumia neno moja tu, ukiweka nafasi katikati linki inaweza kukusumbua. Na linki ukiibandika kwenye maelezo ya picha Instagram haibonyezeki, iweke kwenye wasifu au kwenye stori. Wapo watakaolifuta hilo neno waandike "mambo", hao waulize tu.

Fundi nilimpa kadi zenye herufi F nyuma. Mteja akija nayo, sihitaji kumhoji.

Kama unatumia WhatsApp Business, zile lebo za rangi zinasaidia sana. Meseji ikiingia tu, bandika lebo ya njia. Ukisema utabandika jioni, hubandiki.

Kwenye daftari andika siku mtu anapouliza, usisubiri anunue. Tarehe, jina, njia, tangazo, alichotaka, kanunua au hakununua, kiasi. Ukiandika wanunuzi peke yao huwaoni waliopotea, na hao ndio wanaokuonyesha shida iko wapi.

Mwezi wa kwanza daftari lilisema hivi. Instagram waliuliza 64, wakanunua 5. Fundi alileta 11, wakanunua 8. Matangazo yalinila 100,000, yaani 20,000 kwa kila mnunuzi. Fundi nilimpa 40,000 kwa wanane, na watu wake wananunua mapazia ya nyumba nzima.

Nilitaka kuiacha Instagram siku hiyohiyo. Nikaangalia safu ya tangazo kwanza. MAUA, ambalo bei niliiandika kwenye picha, waliuliza 14 wakanunua 4. PAZIA, ambalo niliandika "njoo inbox", waliuliza 50 akanunua mmoja! Kila moja nililipia 50,000. Kwa hiyo MAUA mnunuzi mmoja alinigharimu 12,500, na faida yangu kwenye mashuka kwa mteja mmoja ni kama 15,000. Kidogo, lakini ipo. PAZIA ni hasara tupu, na vidole vinauma kwa kujibu watu hamsini.

Nimelisimamisha. Mwezi huu narudia tangazo la mapazia bei ikiwa wazi, kwa hela ileile, ila neno nimebadilisha, sasa ni DIRISHA, ili wanaotuma PAZIA kutoka kwenye posti ya zamani wasiingie kwenye hesabu hii.