Keki ya Fondanti Yenye Krimu Ihifadhiwe Vipi?

Keki nyingi za harusi hufunikwa kwa fondanti. Kwa kuwa fondanti karibu yote ni sukari, haiharibiki upesi. Hatari imo ndani: krimu, kastadi, jibini laini au matunda mabichi yaliyopakwa katikati.

Viini vya maradhi huzaana haraka kati ya nyuzijoto 5 na 60 za Selsiasi. Vingine huacha sumu isiyobadilisha harufu wala ladha, kwa hivyo kuonja keki si kipimo cha usalama wake.

Wakazi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Keki ya aina hii iwekwe kwenye friji, chini ya nyuzijoto 5, mara tu inapokamilika.

2. Ifungwe ndani ya boksi la katoni, mbali na nyama mbichi, samaki na vitunguu.

3. Ikitolewa, ibaki kwanza ndani ya boksi. Unyevu utatua juu ya boksi badala ya fondanti. Fondanti ikitoa jasho, isifutwe, kwani rangi itachafuka, itakauka yenyewe.

4. Isikae nje zaidi ya saa 2 kwa jumla, safari na hotuba zikihesabiwa. Kwenye joto kali, saa 1 yatosha.

5. Stima ikipotea, friji isifunguliwe. Baridi hudumu takriban saa 4.

Asiye na friji aagize keki yenye jamu katikati. Keki ya krimu iliyopitisha muda itupwe, hata kama inaonekana nzuri.