SOMO LA BIBLIA: KUSHUKURU MWAKA WA MAVUNO HABA



Somo letu safari hii ni juu ya shukrani. Tafadhali someni kwanza 1 Wathesalonike 5:12-22, Marko 14:17-25 na Matendo ya Mitume 27:27-38. Twaomba kila mmoja awe na Biblia yake karibu, maana mengi tutakayoyasema hayatamfaa mtu asiyefungua kitabu akajionea mwenyewe.

Tumechagua jambo hili kwa kuwa Siku ya Mavuno haiko mbali, na kwa kuwa twajua kwamba ukija mwaka ambao mvua imekosa, wako Wakristo wenzetu wasioonekana kanisani siku hiyo. Si wagonjwa. Wameona haya kuja mikono mitupu huku wengine wakienda madhabahuni na mikungu ya ndizi na magunia ya mahindi. Na wako wengine ambao hawaoni haya, bali wana uchungu: hawaoni la kushukuru, nao hawataki kuwa wanafiki. Hawa wa pili ndio hasa tunaotaka kusema nao.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili chetu kushukuru kuna pande mbili. Upande mmoja ni kutoa asante kwa mtu aliyetutendea jema. Upande wa pili ni kuridhika, kukubali yaliyotokea, kuacha kunung'unika. Mtu akiulizwa hali akajibu "nashukuru", na sauti yake ikashuka, twafahamu kwamba mambo si mazuri lakini anavumilia. Na matangani twamwambia mfiwa, "Shukuru Mungu, kazi ya Mungu haina makosa." Twasema kwa upendo, na desturi hii ina heshima yake. Lakini mara nyingine yule anayeambiwa hivyo husikia kama anaambiwa anyamaze.

Tulipokuwa tukifundisha katika chuo cha ualimu, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alifiwa na baba yake. Alikwenda kuzika, akarudi. Kipindi cha dini kikafika, na somo la siku ile kwa bahati lilikuwa hilo hilo la Wathesalonike. Akainua mkono akauliza: "Mwalimu, hapa twaambiwa kushukuru kwa kila jambo. Baba ameacha watoto sita, mdogo hajaanza shule. Nishukuru kwa lipi?" Darasa likawa kimya. Lilikuwa swali zuri kuliko yote tuliyopata kuulizwa chuoni, na jibu lake lilituchukua vipindi vitatu. Yafuatayo ni sehemu ya yale tuliyoyaona pamoja.

Kwanza, tazameni neno dogo. Biblia yetu ya Kiswahili tuliyoizoea imetumia "kwa" katika 1 Wathesalonike 5:18, na "kwa" yetu ina kazi nyingi. Mtu husafiri kwa basi, hulia kwa sababu ya njaa, hushukuru kwa zawadi. Ndiyo maana wengi husoma mstari huu kana kwamba kila jambo, hata msiba, ni zawadi ya kutolewa asante. Lakini Mtume Paulo aliandika Kigiriki, na neno alilotumia hapo ni "en", ambalo maana yake ya kawaida ni "ndani ya" au "katika". Anawataka washukuru wakiwa katika kila hali. Hakuwaambia kwamba kila hali ni njema.

Kama mtu anadhani tunacheza na maneno, asome barua nzima. Kwa kawaida wataalamu huiweka karibu na mwaka 50 au 51, nayo ni moja ya barua za zamani kabisa tulizo nazo katika Agano Jipya. Walioandikiwa walikuwa wamelipokea Neno katika dhiki nyingi (1:6), wakateswa na watu wa taifa lao wenyewe (2:14), na walikuwa wakilia wafu wao (4:13). Je, Paulo anayaita mambo hayo mema? La. Katika 2:18 anasema kwamba alitaka kwenda kuwaona, naye Shetani akamzuia. Angalieni hapo: hakusema "kazi ya Mungu haina makosa". Alisema Shetani. Na katika 5:15, mistari mitatu tu kabla ya ule wa shukrani, anawakataza kulipa ovu kwa ovu. Kwa hiyo uovu upo, na jina lake ni uovu.

Msomaji makini atatuuliza juu ya Waefeso 5:20, na ana haki kuuliza, kwa maana pale neno la Kigiriki ni jingine, "huper", yaani "kwa ajili ya", tena limeunganishwa na mambo yote. Je, pale tumenaswa? Turudi nyuma kidogo katika sura hiyo hiyo. Mstari wa 11 unatuamuru kuyakemea matendo ya giza, na wa 16 unasema kuwa zamani hizo ni za uovu. Mtu hawezi kukemea jambo na kutoa asante kwa ajili yake kwa kinywa kile kile. "Yote" ya mstari wa 20 basi ni yote yatokayo kwa Baba, ambayo ni mengi kuliko tunavyohesabu, lakini hayachanganyiki na matendo ya giza. Hivyo ndivyo tunavyosoma sisi. Mwenye kusoma vizuri zaidi na atufundishe.

Sasa fungueni Marko 14, maana hapa ndipo penye kiini cha jambo. Bwana wetu ameketi chakulani na wale kumi na wawili. Katika mstari wa 21 anatamka ole juu ya mtu atakayemsaliti, tena kwa ukali, kwamba ingekuwa afadhali mtu huyo asingalizaliwa. Kisha, katika mstari wa 23, anatwaa kikombe na kushukuru. Kati ya ole na shukrani kuna mstari mmoja tu. Hakumshukuru Mungu kwa ajili ya tendo la Yuda. Wala hakuacha kumshukuru Mungu kwa sababu ya Yuda. Alifanya yote mawili usiku ule ule, katika meza ile ile: aliliita ovu ovu, akashukuru.

Na kila Jumapili tunapokwenda Misa, sisi huingia katika shukrani ya usiku ule. Neno "Ekaristi" si jina la kigeni lisilo na maana. Ni neno la Kigiriki la shukrani. Wale waliotutangulia hawakuipa ibada yao kuu jina hilo baada ya mavuno mazuri, bali waliitoa kwa Bwana aliyeshukuru akijua kwamba kesho yake atakufa. Mkristo aliyekosa mahindi, akija kupiga magoti pale, hayuko mahali pasipo pake.

Lakini je, kushukuru ni kukaa na kungoja tu? Hapa twende melini pamoja na Paulo. Tumesoma kwamba walikuwamo watu 276 (Matendo 27:37), na kwamba ulikuwa usiku wa kumi na nne wa dhoruba. Paulo alikuwa mfungwa. Alfajiri alitwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akaumega, akaanza kula. Wengi wetu tungeombea kwanza bahari itulie, ndipo tushukuru. Yeye alishukuru kwa mkate uliokuwapo, bahari ikiwa bado yavuma.

Na tazameni alichofanya kabla na baada. Kabla ya kushukuru aliona mabaharia wakitaka kutoroka kwa mashua, akamwambia akida, na askari wakazikata kamba zake. Baada ya kula, watu wakaitupa ngano baharini ili kuipunguzia meli uzito. Shukrani ya Paulo ilikuwa katikati ya kazi. Haikumfanya afumbe macho asiwaone wenye hila, wala haikuwa badala ya kutupa mizigo. Twasema haya kwa sababu tumepata kusikia mtu akisema kuwa kulalamikia bei mbaya ya mazao, au kudai haki shambani, ni kukosa shukrani. Si kweli. Nabii Habakuki aliyesema kwamba atamfurahia Bwana hata mtini na mizabibu isipozaa na zizi likiwa tupu (3:17-18), ni yule yule aliyeanza kitabu chake kwa kumlilia Mungu mpaka lini hatasikia. Mungu hakumfukuza kwa kilio hicho.

Habari ya wenye ukoma kumi (Luka 17:11-19) imehubiriwa sana kwetu, hatutaikawia. Neno moja tu: wale tisa hawakuasi. Waliambiwa waende wakajionyeshe kwa makuhani, kama torati ilivyoagiza, nao wakaenda. Walikuwa watii, walitimiza wajibu, pengine walifuata kila kanuni. Mtu aweza basi kulipa zaka yake, kuhudhuria mikutano yote ya kanisa, kusimama kwenye kila sherehe na kuanza hotuba kwa "kwanza kabisa napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo" (maneno ambayo siku hizi husemwa upesi upesi kama mtu anayesafisha koo), na bado hajarudi kwa Bwana hata mara moja.

Turudi sasa kwenye mavuno. Wengi hudhani ibada hii, kwa namna tuijuavyo, ni ya tangu zamani za mitume. Kwa kweli katika Uingereza ibada ya mavuno ya namna hii ilianzishwa mwaka 1843 na padre Robert Stephen Hawker, katika parokia ya Morwenstow, Cornwall. Wamisionari wakatuletea. Si vibaya, ni desturi njema na imetukaa vizuri. Ila ilivyo kwetu sasa, pamoja na mnada wake baada ya ibada, ina hatari yake. Tumeona jogoo mmoja akipandishwa bei mpaka akashinda thamani ya mbuzi, watu wakishangilia jina la mnunuzi, na mayai mawili ya mjane yakiuzwa mwishoni, watu wakiwa wameanza kuondoka. Mapato ya mnada husaidia kanisa, hatukatai. Lakini mjane yule alikuwa amekuja kutoa shukrani, akaondoka amejua kipimo chake machoni pa watu.

Linganisheni na torati. Katika Walawi 7:15, nyama ya sadaka ya shukrani sharti iliwe siku ile ile ilipotolewa. Haikuruhusiwa kubaki hata asubuhi. Sadaka ya nadhiri iliruhusiwa kuliwa hata kesho yake (7:16), lakini ya shukrani hapana. Kwa nini? Kitabu hakisemi. Sisi twafikiri hivi: baba aliyechinja ng'ombe wa shukrani, pamoja na mke na watoto wake, hawezi kummaliza kabla ya jua la kesho. Atalazimika kuita majirani, na majirani wale hawatachaguliwa sana, kwa maana muda ni mfupi na nyama ni nyingi. Katika Kumbukumbu la Torati 26 iko vivyo hivyo. Mtu analeta kapu la malimbuko, anatamka mbele ya kuhani jinsi Mungu alivyowatoa baba zake utumwani, na mstari wa 11 unamtaka afurahi pamoja na Mlawi na mgeni. Mstari wa 12 unaongeza yatima na mjane, wapate kula na kushiba. Kapu lililotolewa kwa Mungu liliishia katika chungu cha jirani.

Tena torati haikumsahau asiye na kitu. Mama aliyejifungua akishindwa kupata mwana-kondoo alileta hua wawili au makinda mawili ya njiwa (Walawi 12:8). Twajua mama mmoja aliyefanya hivyo: Luka 2:24 yatuambia kuhusu Mariamu na Yusufu walipompeleka Bwana hekaluni. Hakuna aliyewazuia mlangoni.

Tunapenda basi kupendekeza jambo kwa wazee wa kanisa, nao wakiona lafaa walipeleke kwa padre. Mwaka ambao mavuno ni haba, kabla ya mnada wowote, sehemu ya vyakula vilivyoletwa itengwe na kupelekwa siku ile ile, kabla jua halijatua, katika nyumba zinazojulikana kuwa na njaa. Wapelekaji waende kimya, bila picha na bila hotuba. Na wakati wa kupeleka matoleo, mwenye mikono mitupu aitwe aende pamoja na wengine na kubarikiwa kama wengine, wala pasiwe na kutangaza nani ameleta nini.

Kwa vikundi vitakavyokutana nyumbani, tunaacha maswali haya. Paulo alisema Shetani alimzuia: katika shida ulizo nazo mwaka huu, lipi ni la kuvumilia, lipi ni la kukemea, na lipi ni la kufanyia kazi kwa mikono yako? Mfiwa akikaa mbele yako, utamwambia nini kabla ya kumwambia ashukuru? Na ukitoka kanisani Siku ya Mavuno, ni nyumba gani, kwa jina, ambayo haikuonekana?