Vidonge vya Kalsiamu na Mishipa ya Moyo

*Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa goita, na tangu hapo nameza kalsiamu na vitamini D kila siku. Shemeji yangu kaniambia kalsiamu inaganda kwenye mishipa ya moyo, nikaacha. Sasa vidole vinaniingia ganzi, na usiku misuli ya miguu inakaza. Nifanyeje?*
Mama N., Njombe

Rudia vidonge leo hii kwa kiwango ulichoandikiwa, kisha nenda hospitali ukapimwe kalsiamu. Ganzi hiyo ni dalili kwamba imeshuka. Mikono ikikakamaa, koo likibana au moyo ukienda mbio ovyo, hiyo ni dharura, hata kama ni usiku wa manane.

Nyuma ya tezi ya thairoidi kuna vitezi vinne vidogo kama punje za mchele. Goita inapotolewa, vitezi hivyo huweza kuumia au kukosa damu. Homoni ya vitezi hivyo huiagiza figo ibakize kalsiamu na kutoa fosfeti. Ikikosekana, kalsiamu hushuka na fosfeti hupanda.

Hapo ndipo shemeji yako ana hoja. Fosfeti ikizidi kwa muda mrefu, chembe za misuli kwenye ukuta wa ateri huweza kubadilika zikafanana na za mfupa, na ukuta ukajaa chokaa. Lakini utafiti wa Denmark uliotolewa mwaka 2013, uliofuatilia watu waliopungukiwa homoni hii baada ya upasuaji, haukuona kwamba waliugua moyo kuliko wengine. Kilichoonekana wazi ni matatizo ya figo, yakiwemo mawe, kwa sababu bila homoni hiyo kalsiamu nyingi huvujia kwenye mkojo.

Kwa hiyo kinachotakiwa ni kipimo, siyo kuacha dawa. Kalsiamu yako ikae upande wa chini wa kiwango cha kawaida, mradi ganzi isiwepo. Omba pia wakupime fosfeti, magnesiamu, utendaji wa figo na kalsiamu katika mkojo wa saa 24. Presha nayo isisahauliwe. Ateri zako zinaihofia sana.

Kalsiamu kaboneti imeze pamoja na chakula, maana hunasa fosfeti tumboni kabla haijaingia kwenye damu. Dawa ya thairoidi itenge nayo kwa saa 4. Soda za kola zipunguze, zina fosfeti. Na ukienda kliniki beba boksi zote za dawa, hasa kama unatumia omeprazoli ya vidonda vya tumbo: hupunguza kalsiamu inayofyonzwa, na ikitumika muda mrefu huweza kushusha magnesiamu.