Je, VPN Yako Inaficha Kweli? Namna ya Kuikagua kwa Wireshark

Programu nyingi za VPN humwonesha mteja alama ya kufuli na neno "Umeunganishwa". Alama hiyo huchorwa na programu yenyewe, kwa hiyo haiwezi kuwa ushahidi. Mwaka 2016 watafiti wa Australia na Marekani walichapisha uchunguzi wa programu 283 za VPN za simu za Android. Asilimia 18 ya programu hizo hazikusimba data hata kidogo. Asilimia 66 ziliacha maulizo ya DNS, yaani maulizo ya anwani za tovuti, yapite nje ya handaki. Na asilimia 84 ziliacha mawasiliano ya IPv6 yapite nje vilevile. Waliozipakua walidhani wamejifunika.

Makala haya yanaeleza namna ambavyo mtu asiye fundi anaweza kuthibitisha mwenyewe, kwa kompyuta yake na programu ya bure, iwapo VPN anayoitumia inafanya kazi aliyoahidiwa.

Handaki na bahasha mbili

Kila unachotuma katika intaneti hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Pakiti ni mfano wa bahasha: juu kuna anwani, ndani kuna mzigo. VPN huichukua bahasha yako nzima, huisimba ili isisomeke bila ufunguo, kisha huitia ndani ya bahasha nyingine yenye anwani moja tu, ile ya seva ya VPN. Njia hiyo ndiyo huitwa handaki. Aliye njiani, awe mwenye Wi-Fi ya hoteli au mtoa huduma wako wa intaneti, huona bahasha ya nje pekee. Hujua saa uliyotuma, ukubwa wa ulichotuma na seva unayoitumia. Hajui tovuti uliyofungua. Anayejua sasa ni mwenye VPN, kwa sababu ndiye anayeifungua bahasha upande wa pili. Jambo hilo wauzaji hawalitaji sana.

Ifahamike pia kwamba tovuti zinazoanza na https tayari husimba yaliyomo hata bila VPN. Kinachobaki wazi mara nyingi ni jina la tovuti, ambalo huonekana katika ulizo la DNS na katika hatua za mwanzo za kuunganisha. Anayekutisha kwamba bila VPN kila aliyeketi mkahawani atasoma nywila yako ya benki anatia chumvi.

Chombo chenyewe

Wireshark ni programu ya kunasa na kuonesha pakiti zinazopita katika kompyuta. Ilianzishwa na Gerald Combs mwaka 1998 kwa jina la Ethereal, ikapewa jina la sasa mwaka 2006. Hailipiwi. Ukiisakinisha kwenye Windows itakuomba kuongeza programu ndogo iitwayo Npcap. Kubali, kwani bila hiyo haiwezi kunasa chochote. Wireshark haivunji usimbaji. Huonesha tu kilicho wazi na kilichofungwa, na hilo ndilo tunalolitafuta.

Kagua mawasiliano yako mwenyewe tu. Kunasa mawasiliano ya mtu mwingine bila idhini ni kosa la jinai: kwa Tanzania, chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa Kenya, chini ya sheria ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandao.

Simama mlango ulio sahihi

Hapa ndipo wengi hukosea. Wireshark ikifunguka huonesha orodha ya milango ya mtandao iliyomo katika kompyuta. Mmoja ni wa Wi-Fi au wa waya. VPN ikiwashwa, mara nyingi huongezeka mlango mwingine wenye jina kama tun0, wg0 au jina la VPN yenyewe. Mlango huo wa pili uko kabla ya kusimba: ukinasa hapo utaona majina ya tovuti zako zote na utadhani umetapeliwa, ilhali unaitazama barua kabla haijatiwa katika bahasha ya nje. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuandika barua nzima ya malalamiko kwa kosa hilo, akabahatika kuligundua kabla ya kuituma. Chagua mlango wa Wi-Fi, au wa waya kama ndio unaoutumia, kwa kuwa ndiko data inakotokea kwenda nje.

Jaribio

Anza VPN ikiwa imezimwa, ili ujue hali ya wazi inavyoonekana. Anza kunasa, kisha fungua tovuti ya neverssl.com, ambayo imetengenezwa makusudi isisimbwe. Katika kisanduku cha kuchuja kilicho juu andika http. Utaona ombi lako na maneno ya ukurasa yakisomeka. Futa, andika dns, kisha fungua tovuti ambayo hujaitembelea siku hiyo. Jina lake litajitokeza. Lisipojitokeza, huenda kivinjari chako kina mpangilio wa kusimba maulizo ya DNS. Uzime kwa muda wa jaribio, la sivyo utaisifia VPN kwa kazi isiyo yake.

Sasa washa VPN, anza kunasa upya na urudie yale yale. Kichujio cha http kisioneshe kitu. Ukiuona ukurasa ule ukisomeka katika mlango wa Wi-Fi, handaki hilo halisimbi au mawasiliano yako hayapiti humo, na hakuna maelezo ya mtoa huduma yatakayolibadilisha hilo. Kichujio cha dns nacho kibaki kitupu. Majina ya tovuti unazofungua yakitokea humo, hasa yakielekezwa kwa ruta ya nyumbani au kwa seva ya mtoa huduma wako wa intaneti, VPN inavujisha: yaliyomo yamefichwa, lakini orodha ya unakokwenda iko mezani.

Kisha andika ipv6. Anwani zinazoanza na fe80 au ff02 ni mazungumzo ya vifaa vya humo humo nyumbani, usishtuke. Anwani zinazoanza na tarakimu 2, zikipishana na tovuti unazofungua, ni mawasiliano yaliyopita kando ya handaki.

Ondoa vichujio vyote. Utaona pakiti nyingi zikienda na kurudi kwa anwani moja. Tuseme ni 203.0.113.10. Hiyo ndiyo seva ya VPN. Safu ya itifaki huenda ikaandika WireGuard, OpenVPN, ESP, TLS au UDP tu, na yote hayo ni ya kawaida. Kwa WireGuard, ambayo hutumia UDP na kwa desturi bandari 51820, utatambua hata salamu za kufungua handaki: ombi la baiti 148 na jibu la baiti 92, zikirudiwa takribani kila dakika mbili data inapopita. Wireshark huonesha namba kubwa kidogo kwa kuwa hujumlisha na bahasha. Andika !(ip.addr == 203.0.113.10), ukiweka anwani uliyoiona, upate yaliyopita nje. Yanayostahili kubaki ni mazungumzo ya nyumbani, kama ya ruta na printa.

Mwisho, zima Wi-Fi na uiwashe tena huku unanasa. VPN nyingi zinazofaulu majaribio yaliyotangulia hushindwa hapa: kwa sekunde chache kabla handaki halijafunguka upya, kompyuta hutuma mambo yake waziwazi.

Kwa simu, washa hotspoti ya kompyuta, unganisha simu yako humo, kisha nasa katika mlango wa hotspoti hiyo. VPN iwashwe kwenye simu, si kwenye kompyuta.

Ukikuta kasoro

Tafuta kwanza katika mipangilio ya programu sehemu ya kuzuia uvujaji wa DNS na IPv6, pamoja na ile ya kukata intaneti handaki linapokatika. Huenda zimezimwa. Washa, kisha pima tena. Kasoro ikiendelea, mwandikie mtoa huduma ukiambatisha picha ya skrini, tarehe, na toleo la programu, na uombe marekebisho au fedha zako. Asipokujibu, wasilisha malalamiko kwa mamlaka ya mawasiliano ukiwa na nakala ya barua hiyo.

Usitume faili lenyewe ulilonasa, kwa mtoa huduma wala kwa rafiki anayejua kompyuta. Sehemu ile ya kwanza, ulipokuwa umezima VPN, ina majina ya tovuti ulizofungua na vifaa vilivyomo nyumbani mwako. Lifute ukimaliza.