Mbwa Mlinzi Mwenye Maumivu na Hofu

Tuseme, msomaji, unaye mbwa anayeitwa Simba. Ulimpata akiwa mtoto mwaka ule ulipohamia katika shamba lako, na kwa miaka minane amelinda kuku wako, ndama wako na mahindi yako. Lakini tangu mvua za masika zilizopita amebadilika. Asubuhi hataki kutoka bandani. Radi ikipiga hutetemeka na kujificha chini ya ghala. Juzi mtoto wako alimkumbatia kama alivyozoea, naye akanguruma na kuonyesha meno. Jirani akakuambia, "Mbwa huyu ameharibika. Mpige rungu, utafute mwingine." Kabla hujalishika rungu, soma habari hizi.

Mara nyingi mbwa wa namna hii hakuharibika tabia. Ana maumivu. Mbwa mwenye maumivu ya siku zote halii ovyo; huyaficha, na wewe huona hasira na woga tu.

Hata hivyo jambo la kwanza ni kujua kama si kichaa cha mbwa. Kichaa huja upesi. Kwa siku chache tu mbwa hugeuka, hutokwa mate, hushindwa kumeza, taya hulegea au akauma hata vijiti na mawe, na kwa kawaida hufa kabla ya siku 10 kwisha. Maumivu ya viungo huja polepole, kwa miezi. Ukiwa na shaka mfungie mahali asipoguswa na mtu, ukamwite daktari wa wanyama. Sheria ya Kenya, Sura ya 365, yamtaka mwenye mnyama anayedhaniwa kuwa na kichaa atoe habari. Na mtu yeyote akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile. Asingoje kuona mbwa atakuwaje. Mbwa mwenyewe asiuawe na kutupwa, bali afungiwe na kutazamwe siku 10. Mbwa aliyechanjwa kila mwaka hukupunguzia mashaka haya, basi tunza cheti chake pamoja na karatasi za shamba.

Sasa mtazame Simba asubuhi na mapema, hasa kama unakaa mahali pa baridi kama Kinangop, palipo zaidi ya mita 2,400 juu ya bahari. Je, huinuka kwa miguu ya mbele kwanza, kisha akaivuta ile ya nyuma? Je, hutembea kwa ugumu hatua za kwanza, halafu akalegea kidogo? Hiyo ni alama ya ugonjwa wa viungo, na mbwa wengi wazee wanao. Tazama mapaja: lenye maumivu hukonda kuliko lenzake. Mbwa anayeramba mahali pamoja kila siku, hata manyoya yakabadilika rangi au kunyonyoka, anakuonyesha penye shida. Akichechemea mguu wa mbele, kichwa chake huinuka kila mguu mbaya unapokanyaga chini.

Kisha mpapase. Mtu anayempenda amshike kichwa, nawe umfunge mdomo kwa kitambaa laini kwa muda mfupi, maana hata mbwa mpole huuma akiguswa penye maumivu. Tazama katikati ya vidole. Tumepata kusikia mbwa akiitwa mvivu mwaka mzima, kumbe nyayo zake zimejaa funza. Huenda ni mwiba, au ukucha uliojikunja ukaingia nyamani. Kupe nao huleta homa inayoweza kuvimbisha viungo, na homa hiyo inayo dawa kwa daktari. Lakini usimwogeshe mbwa kwa dawa ya dipu ya ng'ombe kwa kipimo cha kukisia.

Labda utauliza, maumivu ya nyonga yahusu nini na kuogopa radi? Fikiri wewe mwenyewe ukiwa na jipu kwapani. Kila anayekukaribia unamwona adui, hata mke wako akileta chai. Mbwa naye radi ikimshtua hujikaza mwili mzima, na kiungo kibovu humchoma wakati ule ule. Baada ya siku nyingi hushika akilini kwamba kelele na maumivu ni kitu kimoja. Mwaka 2018 wataalamu wa Uingereza na Brazil waliandika habari za mbwa 20 walioogopa kelele, 10 kati yao wakiwa na maumivu. Hao wenye maumivu walianza kuogopa wakiwa na umri mkubwa kuliko wenzao. Kwa hiyo mbwa mzee anayeanza leo kuogopa kelele alizozizoea, tafuta maumivu kwanza.

Hapa ndipo wenye mbwa wengi hukosea vibaya sana. Mtu mwenye huruma huchukua vidonge vyake mwenyewe vya kichwa au mgongo, akavificha ndani ya ugali. Usifanye hivyo! Ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Parasetamoli ikizidi huharibu ini na damu. Kidonge kidogo kwako ni kikubwa kwa mnyama wa kilo 20. Mbwa akitapika, akikataa chakula, au akinya kinyesi cheusi kama lami baada ya kula vidonge, usingoje kesho. Mpeleke kwa daktari pamoja na karatasi ya dawa ile.

Ziko dawa za maumivu zilizopimwa kwa mbwa, kama meloksikamu na kaprofeni. Daktari hutoa kipimo kwa uzito wa mbwa, na kwa kawaida hupewa pamoja na chakula. Usiongeze kipimo kwa kuwa siku ya kwanza hukuona nafuu. Tena mwambie daktari kama mbwa alidungwa sindano ya deksamethasoni siku za karibuni, kwa sababu dawa hiyo ikichanganyika na hizi huleta vidonda vya tumbo. Mtu akikuuzia dawa bila kumpima mbwa wala kuuliza uzito wake, rudi nyumbani na fedha zako.

Kazi inayobaki ni yako, na gharama yake ni ndogo. Inua sakafu ya banda kwa mbao ili unyevu usimfikie. Tandika majani makavu na magunia, uyabadilishe yakilowa. Mlango wa banda usielekee upepo. Mbwa mnene apunguziwe ugali mpaka uweze kuzigusa mbavu zake kwa vidole bila kubonyeza sana, maana kila kilo ya ziada hubebwa na kiungo kibovu. Aliyekonda aongezewe. Asilale siku nzima, wala asikimbizwe kufuata baiskeli mpaka sokoni. Atembee kidogo kidogo, mara mbili au tatu kwa siku.

Mnyororo mfupi ni adui wa mbwa huyu. Hawezi kujinyosha, wala hawezi kukimbia kinachomtisha, basi hana njia ila kuuma. Mpe ua mdogo, au mnyororo mrefu unaoteleza juu ya waya. Usimpige kwa kunguruma. Kunguruma ni kubisha hodi kabla ya kuuma. Ukimfundisha kunyamaza, siku nyingine atauma bila hodi. Watoto waambiwe wasimguse akilala au akila, na mtoto mdogo asiachwe naye peke yake. Radi ikianza, mwache aingie mahali penye giza anapopapenda. Ukikaa naye na kumsemesha kwa sauti ya chini humharibu, ingawa wazee wengi hudhani hivyo.

Nunua daftari la shule. Kila jioni andika maneno machache: leo aliinukaje, alitembea kadiri gani, alikula, alimngurumia nani, alipewa dawa gani. Baada ya majuma mawili au matatu utajua kama anapata nafuu au la. Mpelekee daktari daftari hilo, kwa kuwa mezani kwa daktari mbwa mwenye hofu husimama wima kama askari na kuficha kila kitu.

Ikiwa kurasa zinaonyesha kwamba siku mbaya zimezidi siku njema, na dawa hazisaidii tena, mwulize daktari juu ya sindano ya kumlaza. Yeye hulala kwanza, kisha moyo husimama. Usitumie sumu wala rungu. Sumu ya mbwa mmoja huua paka, kunguru na mbwa wa jirani. Mchimbie shimo refu, mbali na kisima.