Namna ya kuuombea mtaa wenu ruzuku: ushauri kwa wafanyabiashara wa Goma

Tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma na kuteremka hadi Ziwa Kivu. Sehemu kubwa ya maduka ya mjini ilifunikwa. Wenye maduka wengi walirudi. Lava ilipopoa waliisawazisha, wakachonga mawe yake na kujenga tena palepale. Ndiyo sababu hadi leo yapo majengo ambayo ghorofa zake za juu za zamani ziko usawa wa barabara.

Mtaa wenye historia kama hiyo unastahili mifereji inayopitisha maji, taa za usiku na kuta zilizozibwa nyufa. Pesa za kazi hiyo hupatikana kama ruzuku, yaani msaada usiorudishwa. Lakini vikundi vingi huanza kujipanga siku tangazo linapotoka, na wakati huo huwa wameshachelewa. Dosie nzuri huandaliwa mapema, kwa hatua zifuatazo.

1. Chagueni kipande kifupi

Msiombe kwa ajili ya mtaa wa Birere mzima wala Boulevard Kanyamuhanga yote. Chukueni kipande ambacho mtu hukimaliza kwa miguu ndani ya dakika tano. Mfadhili anataka kazi anayoweza kuiona ikianza na kuisha.

2. Andikeni daftari la mtaa

Kila jengo lipewe ukurasa wake: picha ya mbele, picha za nyufa, mwenye nyumba, mpangaji, na umri wa jengo kwa kadiri wazee wanavyokumbuka. Ukurasa mmoja unaweza kusomeka hivi:

"Jengo namba 7. Kuta za mawe ya lava. Bati limeoza upande wa nyuma. Lilijengwa kabla ya 2002. Chumba cha chini kimejaa lava. Mvua ikinyesha maji huingia dukani, kwa sababu barabara imeinuka kuliko sakafu. Ndani kuna mafundi cherehani wanne na muuza vitenge mmoja."

Maneno hayo machache yanamwonyesha msomaji aliye mbali ubovu uko wapi na unamuumiza nani. Wahesabuni pia walio nje ya maduka: akina mama wauza mboga, wabadilishaji pesa, wasukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za mizigo. Asiyeandikwa leo ndiye atakayeondolewa kesho ujenzi ukianza.

3. Jipangeni kisheria

Jisajilini kama chama kisicho cha faida, ASBL. Nchini Kongo vyama hivyo huongozwa na sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Usajili wenu ukikawia, ingieni mkataba wa maandishi na ASBL iliyokwisha kusajiliwa, iombe pamoja nanyi.

Kusanyeni nakala za vyeti vya usajili wa viwanja. Jengo lenye kesi liacheni nje ya ombi la kwanza. Mgogoro wa mtu mmoja unaweza kusimamisha kazi ya wote.

Mteueni pia mratibu mmoja. Mwaka 1977 nchini Marekani ulianza mradi wa kufufua mitaa mikuu ya miji midogo mitatu: Galesburg, Madison na Hot Springs. Kila mji uliwekewa mtu wa kusimamia kazi hiyo tu, na matokeo yalionyesha kwamba ilifaa hivyo.

4. Mlindeni mpangaji

Mtaa ukipendeza, kodi hupanda, na aliyeuvumilia ukiwa mbovu hufukuzwa. Kabla ya kuomba senti moja, wenye nyumba watie sahihi kwamba kodi haitapanda kwa muda mliokubaliana, tuseme miaka mitatu baada ya kazi. Huko Zanzibar, shirika la Aga Khan lilipokarabati bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa upya mwaka 2009, wauza vyakula vya usiku walihamishwa kwa muda kisha wakarudi. Andikeni ahadi kama hiyo kwa wachuuzi wenu, muiweke ndani ya dosie.

5. Jueni kila mfadhili analipia nini

ALIPH, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2017 yenye makao Geneva, hulinda urithi wa utamaduni katika maeneo ya vita. World Monuments Fund hupokea, kila baada ya miaka miwili, mapendekezo ya orodha yake ya maeneo yanayohitaji kuokolewa. Kuingia humo huwavuta wafadhili wengine. Kwa upande wa kazi za umma, Fonds Social de la RDC imewahi kutumia pesa za Benki ya Dunia, kupitia mradi wa STEP, kulipia kazi za mikono mashariki mwa nchi.

Kwa hiyo ombi moja halitoshi kwa wote. Watu wa urithi waelezeni jengo, jiwe na kumbukumbu. Watu wa kazi za umma waelezeni mfereji, ajira na idadi ya siku za kazi. Tena msimtegemee mfadhili mmoja: USAID, shirika la misaada la Marekani lililokuwa nguzo ya miradi mingi huku kwetu, lilifungwa mwaka 2025.

6. Onyesheni mchango wenu

Mchango si lazima uwe pesa za vikundi vya akiba, MUSO au AVEC, peke yake. Salongo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, nayo ina thamani. Watu 30 wakifanya kazi Jumamosi 10, kila siku ya mtu ikihesabiwa dola 5, mmechangia dola 1,500. Wekeni orodha za mahudhurio zenye sahihi. Bila orodha, jasho hilo halihesabiki.

7. Ulizeni njia ya pesa mapema

Goma ilipoingia mikononi mwa kundi la AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, mabenki ya mji yalifunga milango. Mwandikieni mfadhili kabla ya kuomba: anaruhusiwa kulipia kazi ndani ya Goma? Pesa zipitie kwa mshirika mwenye akaunti mahali pengine, au kwa simu? Kila malipo yaidhinishwe na watu watatu, mmoja wao awe mpangaji, na risiti ipigwe picha siku hiyohiyo.

8. Semeni nani atatunza

Swali linaloangusha maombi mengi ni hili: mwaka wa tatu, nani atazibua mfereji? Jibuni kwa jina la kamati, kiasi ambacho kila duka litatoa kwa mwezi, na siku ya usafi. Anzeni kuchanga sasa, kabla ya ruzuku. Daftari la michango ya miezi sita litamwambia mfadhili kwamba mtaa huu una wenyewe, na kwamba hata akikataa, mfereji wenu utaendelea kuzibuliwa.