Dondoo muhimu: Jimu kwa bei nafuu kupitia bima

Bima ya afya inaweza kumpunguzia mkazi wa Kijenge, Arusha, ada ya jimu, lakini si kila bima, na punguzo halijileti lenyewe.

Mfano unaojulikana zaidi Afrika ni mpango wa Vitality wa kampuni ya Discovery, ulioanza Afrika Kusini mwaka 1997: mwanachama hupunguziwa ada ya jimu na kupata pointi kwa mazoezi. Hapa Tanzania, NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) ni mfuko wa matibabu, hivyo usiende nayo kaunta ya jimu ukitarajia punguzo.

1. Anzia kwa ofisa utumishi kazini. Bima nyingi za kampuni binafsi hununuliwa na mwajiri, na marupurupu yamo kwenye mkataba wake.

2. Omba orodha ya jimu zinazohusika, kwa maandishi. Kama ya karibu iko Njiro, piga hesabu ya nauli ya daladala kwenda na kurudi kabla ya kufurahia punguzo.

3. Usilipe mwaka mzima ndipo uulize. Hili ndilo kosa linaloumiza watu wengi. Lipa mwezi mmoja kwanza.

4. Hakikisha mahudhurio yanaingia kwenye programu ya bima. Saini kwenye daftari la mlangoni huenda isihesabiwe.

5. Dai risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi) na uipige picha siku hiyo hiyo, maana wino wake hufifia.

6. Bima haina punguzo? Jikusanyeni wafanyakazi watano, mkaombe bei ya kundi.

Wakati mkisubiri majibu, dakika 150 za mazoezi kwa wiki zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) zinatimia hata kwa kupanda Kijenge Juu kwa mwendo wa haraka.